Kuipima Sura Iliyo Katika Fedha

Twasoma katika Mathayo 22 ya kwamba Bwana wetu alitaka aonyeshwe dinari, akauliza ni sura ya nani iliyo juu yake. Wataalamu wengi hudhani ilikuwa sura ya Tiberio, aliyetawala Rumi tangu mwaka 14 hata 37. Mwalimu afundishaye habari hiyo huulizwa na wanafunzi: Je, Kaisari alifanana hivyo kweli? Swali ni jema, wala jibu lake si jepesi.

Fikirini kwanza kazi yenyewe. Fundi alichonga uso kwa kinyume, ukiingia ndani ya muhuri wa madini, mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba. Kisha kipande cha fedha kiliwekwa juu ya muhuri, kikapigwa kwa nyundo. Muhuri huchakaa, na fedha husuguliwa mikononi mwa watu miaka mingi. Basi pua iliyofifia si kosa la fundi; wengi humhukumu bure.

Lakini tuitazame fedha isiyochakaa. Kaisari Augusto alikufa mwaka 14, umri wake miaka 75, na hata hivyo katika fedha zake ni kijana mpaka mwisho. Vespasiano, aliyeshika utawala mwaka 69 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ana kipara, makunjo na shingo nene. Watu husema huyu wa pili ndiye aliyechorwa kwa kweli. Mimi nasema tuangalie: nchi ilikuwa imechoka, nayo ilitaka askari mzee asiye na madaha. Makunjo nayo yaweza kuwa vazi la kifalme!

Sasa tazameni Aksum, kule Uhabeshi, ambako wafalme walipiga fedha zao wenyewe tangu karne ya tatu. Mfalme Ezana, katika karne ya nne, aliuweka msalaba mahali palipokuwa na mwezi. Uso wake una jicho kubwa, na mara nyingi masuke mawili ya nafaka humzunguka. Wako wanaoiita kazi hiyo duni kwa kuwa wafalme wa Aksum hufanana. Hukumu hiyo si ya haki. Fundi hakutumwa kuonyesha pua ya mtu. Alitumwa kuonyesha ufalme, na taji na masuke aliyachonga kwa uangalifu mwingi.

Nazo rupia za Wadachi, zilizoanza kupigwa mwaka 1890 kwa ajili ya nchi hii, zilimwonyesha Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na jina lake limeandikwa kwa Kilatini kama la Kaisari wa Rumi. Ondoa kofia na masharubu, sijui kama kungebaki uso wa kutambulika.

Mwalimu wa Ilembo na atwae shilingi 100 yenye sura ya Mwalimu Nyerere, afunike maandishi kwa vidole, awaulize wanafunzi wamemtambua kwa alama gani: paji, nywele, au masharubu? Kisha wamwambie ni kipi ambacho fundi amekiacha.