Mota Kwenye Kayaki: Mafunzo ya Kariobangi na Naivasha

1. Plastiki haishiki skrubu. Ngozi ya kayaki ni nyembamba, na mota ikivuta, mzigo wote huangukia pale ilipofungwa. Fundi wangu wa Kariobangi Light Industries aliigonga ngozi hiyo kwa kidole, akasema: "Boss, usiogope mota kung'oka. Ogopa plastiki kuifuata." Akakata vibao viwili vya alumini, kimoja ndani kimoja nje, akaweka mpira wa tyubu ya lori katikati, akapitisha bolti za stenles mpaka ng'ambo.

2. Betri ikae mbele. Wewe na mota tayari mko nyuma. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina karibu kilo 30. Ya lithiamu haifiki nusu ya hapo, ila bei yake itakufanya ukae chini kwanza.

3. Betri ikienda mbele, waya unarefuka, na hapo ndipo wengi hubana pesa. Mota yangu ya volti 12 hula ampea 50 ikifunguliwa yote. Kwa mita 5 za kwenda na kurudi, waya wa milimita 4 za mraba hupoteza zaidi ya volti 1, na unapata moto. Nilitumia kebo ya welding ya milimita 16: nene, laini, haisumbui kukunja. Fyuzi ya ampea 60 iko karibu kabisa na chanya ya betri.

4. Kujaribu mota kwenye pipa la maji hakukuambii kitu. Kule plotini Umoja mota ilinguruma vizuri na watoto wakashangilia, lakini maji ya pipa huzunguka pamoja na propela, hivyo haioni kazi halisi. Jibu nililipata kwa jirani anayenunua chuma chakavu: aliniazima mizani yake ya kuning'iniza. Naivasha nilifunga kamba kwenye nguzo ufukweni, mizani katikati, nikafungua mota. Mota ya paundi 55 za msukumo inapaswa kuvuta kama kilo 25. Propela ikiwa karibu na uso wa maji ilivuta hewa: kelele zikapanda, mshale ukashuka. Nikateremsha mhimili kidogo kidogo. Ncha za propela zilipofika shubiri moja chini ya maji, mshale ukatulia. Kushuka zaidi hakukuongeza kitu ila kuzoa magugu.

5. Usikimbizane na kasi. Kayaki ya mita 3.6 ikikaribia kilomita 8 kwa saa huanza kupanda wimbi lake yenyewe, na umeme wa ziada unaishia kwenye povu. Nguvu inayohitajika hupanda kama mchemraba wa kasi: nusu ya kasi hutaka takriban thumuni ya nguvu. Kwa ampea 50 betri ni saa 2 kwenye karatasi; kwa ampea 12, inapita saa 8. Lakini hilo linategemea kidhibiti. Mota za swichi ya hatua tano hupunguza mwendo kwa kuchoma umeme kwenye koili. Chukua ile inayokatakata umeme kielektroniki.

6. Ampea zikiruka ghafla bila wewe kugusa kitu, ni gugu maji limejisokota. Zima, chomoa waya, ndipo utie mkono.

7. Mota hii haina kelele, na kiboko asiyekusikia ni hatari. Mimi hugonga ubavu wa kayaki nikikaribia mafunjo, na kafi halitoki pembeni mwangu. Upepo wa alasiri Naivasha hauulizi betri imebaki ngapi.