Jina la mmea na sauti ya msemaji

Katika karne ya 16, Carolus Clusius, mtaalamu wa mimea, alibadilishana mbegu na barua na watu wa nchi nyingi za Ulaya. Barua zilikuja kwa Kilatini, Kifaransa, Kiitaliano na lugha nyingine. Bila maelezo hayo, mbegu ilikuwa punje tu isiyo na jina.

Mfano unaonigusa kama mwanaisimu ni kitabu cha Garcia de Orta, tabibu Mreno aliyeishi Goa, India. Kilichapwa huko mwaka wa 1563, kwa Kireno, katika muundo wa mazungumzo: mmoja anauliza, mwingine anajibu, na majina ya dawa yanatajwa kwa lugha kadhaa. Mwaka wa 1567 Clusius alitoa muhtasari wake kwa Kilatini. Wasiojua Kireno wakaweza kuusoma, lakini mazungumzo yaliondolewa. Msomaji hakusikia tena nani aliuliza na nani alijibu.

Nasi tunapokusanya majina ya mimea vijijini, mara nyingi tunaandika neno na kumwacha msemaji. Napendekeza daftari zetu zihifadhi jina, lugha, swali, jibu kamili na mahali. Tafsiri ifuate baadaye.