SOMO: Daktari Akizembea, Twende Wapi?



Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja walichanganywa. Aliyekuwa na ugonjwa wa goti alipasuliwa kichwa. Wa kichwa akapasuliwa goti. Siyo hadithi. Nchi nzima ilisikia.

Jambo kama hilo likitokea kijijini, wengi wetu husema, "Ni kazi ya Mungu," tukanyamaza. Hebu leo tujifunze sheria ya Tanzania Bara inasemaje.

Leseni ya daktari

Dereva haruhusiwi kuendesha basi bila leseni. Daktari naye ni hivyo hivyo. Husoma chuo kikuu miaka 5. Kisha hufanya kazi mwaka 1 akisimamiwa na madaktari wazoefu. Ndipo huandikwa katika daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika na kupewa leseni. Baraza hilo linafuata sheria ya mwaka 2017. Wauguzi na wakunga wana baraza lao.

Uzembe ni nini?

Siyo kila anayefia hospitali ameuawa na uzembe. Ugonjwa mwingine humshinda hata daktari hodari. Uzembe ni daktari kuacha kufanya yale ambayo mwenzake mwenye ujuzi kama wake angefanya.

Mahakamani lazima tuonyeshe mambo 3:
1. Daktari alikuwa na wajibu wa kumtunza mgonjwa huyo.
2. Alizembea.
3. Madhara yaliletwa na uzembe huo. Kama mgonjwa angedhurika vile vile hata bila kosa lile, dai huanguka.

Njia mbili

Njia ya kwanza ni Baraza. Linapokea malalamiko na kuyachunguza. Linaweza kumpa daktari onyo, kumsimamisha, au kufuta jina lake katika daftari.

Njia ya pili ni mahakama. Huko ndiko anakokwenda anayetaka fidia. Lakini muda una mwisho. Dai la uzembe hufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita. Na kama hospitali ni ya serikali, lazima kwanza kutoa taarifa ya siku 90. Basi tusingoje mwaka wa tatu ndipo tuanze kuulizana.

Tufanye nini?

1. Tutunze daftari la matibabu, vyeti na risiti. Tusivitumie kuwashia moto!
2. Tuandike siku ile ile: tarehe, dawa iliyotolewa, na jina la aliyetuhudumia. Kumbukumbu ya kichwa hupotea, maandishi hubaki. Hapa ndipo kisomo chetu kinatuletea faida.
3. Tuanze kwa mganga mfawidhi wa zahanati. Tusiporidhika, twende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.
4. Asiye na fedha za wakili amtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu hao.

Tusiache kwenda hospitali kwa hofu. Wala tusimpige wala kumtukana mganga. Tudai haki yetu kwa maandishi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya Baraza na kazi ya mahakama?
2. Mama amefariki wakati wa kujifungua. Ndugu zake watajuaje kama ulikuwa uzembe au la?
3. Nyumbani kwako, vyeti vya hospitali vinawekwa wapi?