Kabla ya Nyumba, Kagua Mtaa

Dalali wa Dar es Salaam akikupeleka kuona nyumba, atakufungulia chumba kimoja baada ya kingine, atakuonyesha vigae, atafungua bomba uone maji yanatoka, kisha atataka jibu upesi kwa kuwa eti kuna mteja mwingine njiani. Mtaa wenyewe mtakuwa mmeupita mkiwa juu ya bodaboda. Bati linalovuja hubadilishwa na ukuta hupakwa rangi upya, lakini mtaa usio na watu, kivuli wala duka huwezi kuurekebisha peke yako. Na ukishalipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, kuhama mwezi wa pili ni hasara.

Makala haya ni ya anayetafuta nyumba pembezoni mwa jiji, mpangaji au mnunuzi, naye anataka mtaa wenye haiba yake.

Jua mtaa ulivyozaliwa

Haiba ya mtaa hutokana kwanza na namna ulivyopimwa. Magomeni ni mtaa wa enzi za ukoloni, na bado ina nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na baraza inayotazama njia. Ukiishi pale utasalimiwa kabla hujafika kwako. Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliokopeshewa fedha na Benki ya Dunia. Viwanja vilikuwa vidogo na barabara zilichorwa mapema, ndiyo maana leo saluni, maduka ya dawa, baa na nyumba za kulala wageni vimebanana humo. Kila kitu kiko karibu, makelele nayo yako karibu.

Kibada na Bunju ni za kizazi kingine, cha mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Viwanja ni vikubwa, njia zimenyooka, kuta ni ndefu, na mitaa mingine ilikaa miaka mingi ikiwa na vichaka vingi kuliko nyumba. Huko Kigamboni, iliko Kibada, mambo yalichangamka zaidi baada ya Daraja la Nyerere kufunguliwa mwaka 2016. Goba na Madale, kwa sehemu kubwa, zilijengwa na watu walionunua vipande vya mashamba kutoka kwa wenyeji. Njia zimepinda kufuata mipaka ya mashamba hayo, lakini miembe na mikorosho imebaki.

Kila aina ina utamu na gharama yake. Anayependa utulivu wa Bunju asilalamike akikosa duka la jirani, na anayependa uchangamfu wa Sinza asitegemee usiku wa kimya.

Nenda zaidi ya mara moja, tena bila dalali

Nenda siku ya kazi saa 12 asubuhi, upande usafiri wa kwenda kazini kama mkazi. Kituo cha mwendokasi cha Kimara kikiwa mbali na nyumba, hesabu pia nauli ya bodaboda ya kukufikisha kituoni, kwenda na kurudi. Rudi saa 1 usiku utazame kama njia ina taa, kama genge bado liko wazi, kama wanawake na watoto wanatembea bila wasiwasi. Jumamosi usiku nenda tena usikilize. Ukumbi wa sherehe au baa iliyolala mchana kutwa huamka saa hiyo.

Ukiweza, nenda wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mara baada ya mvua kubwa. Ukikosa nafasi hiyo, tafuta alama ya maji kwenye kuta na matuta ya saruji kwenye vizingiti vya milango. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nyumba ya bei rahisi kando ya mkondo ina sababu ya kuwa rahisi.

Vya kutazama

Tembea kwa miguu dakika kumi kutoka getini. Je, utapata unga, dawa ya homa, wakala wa pesa na fundi wa kuziba pancha? Mchana mageti yako wazi au yote yamefungwa? Njia yenye kuta ndefu na nyaya za umeme pande zote mbili haina macho ya watu, hata kama kila nyumba ina mlinzi. Tafuta benchi chini ya mti, baraza yenye wazee wanaocheza bao, uwanja ambao watoto wanachezea mpira jioni.

Tazama pia kaunta ya duka. Mangi, yaani mwenye duka, aliye na daftari la madeni anawajua wateja wake kwa majina na anaamini watakuwepo mwisho wa mwezi. Mtaa ambao watu huhamahama hauna daftari hilo.

Vya kuuliza

Usiulize kama mtaa ni mzuri, utajibiwa ndiyo. Muulize muuza genge maji ya bomba hutoka siku zipi. Waulize madereva wa kijiwe cha bodaboda ni njia gani hawaingii usiku. Mwulize mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkutano wa wakazi ulifanyika lini mara ya mwisho, ulinzi shirikishi unachangiwaje, na gari la taka hupita lini. Swali linalofichua mengi ni la msiba: ukitokea, nani hutafuta turubai na viti, na michango hukusanywaje? Wakieleza bila kusita, hapo kuna ujirani.

Karatasi nazo ni sehemu ya mtaa

Mpangaji adai mkataba wa maandishi na aonane na mwenye nyumba mwenyewe. Akumbuke kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo mwenye kununua umeme ndiye anayekatwa. Wakubaliane mapema atarudishiwaje.

Mnunuzi afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Leseni ya makazi ni ya muda, na muhuri wa serikali ya mtaa peke yake haugeuki kuwa hati. Kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenza wa muuzaji iwe ya maandishi. Kisha aende halmashauri kuona mchoro wa mipango miji: uwanja unaoupenda umechorwa kuwa nini? Nyumba yako iko nje ya hifadhi ya barabara? Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilibomolewa kupisha upanuzi.

Baada ya hayo, ukibaki na nyumba nzuri kwenye mtaa usiokufaa na nyumba ya kawaida kwenye mtaa unaokufaa, chukua ya pili, mradi karatasi ziko sawa. Omba kulipa miezi mitatu kwanza; wapo wenye nyumba wanaokubali wakiona mpangaji makini. Wiki ya kwanza jitambulishe kwa mjumbe na majirani, na mchango wa msiba ukipitishwa, toa. Ujirani uliouchagua unahitaji na wewe uuchangie.