Kuotesha Nyasi Uani kwa Mbegu



Katika somo hili tujifunze jinsi ya kuotesha nyasi uani kwa mbegu, na jinsi ya kuzitunza zikishaota. Wengine watauliza: kwa nini tujisumbue na nyasi zisizoliwa, tena juu ya ardhi ambayo si yetu? Jibu tunaliona kila msimu wa mvua hapa Nakivale. Mahali palipofagiliwa mpaka udongo ukabaki uchi, mvua hubeba udongo wa juu na kuchimba mifereji mpaka mlangoni. Matone yakigonga chini hurusha tope ukutani, na ukuta wa matofali yasiyochomwa ukilowa hivyo kila mwaka, mwisho hubomoka. Kiangazi kikija, vumbi huingia katika sufuria na katika macho ya watoto.

Nyasi fupi huvunja nguvu ya matone, na mizizi yake hushika udongo. Watu wamekuwa wakikimbilia hapa tangu karibu mwaka 1960, na kuna waliodhani watakaa mwaka mmoja wakazeekea hapa. Siku ya kurudi hatuijui, lakini nyumba inayotufunika leo inastahili kulindwa leo.

1. MBEGU GANI?

Nyasi inayofaa hapa kwetu ni ukoka. Ni nyasi fupi inayotambaa, na ikichanua hutoa kichwa kama vidole vya mkono vilivyokunjuliwa. Huvumilia kiangazi na kukanyagwa, lakini hupenda jua. Chini ya mwembe au nyuma ya nyumba pasipopata jua haistawi, hivyo msipoteze mbegu huko.

Mbegu ya ukoka ni ndogo sana. Kilo moja ina mbegu zaidi ya milioni moja. Kwa kila mita moja ya mraba zatosha gramu 5 hadi 10. Ua wa mita 4 kwa mita 5 basi unahitaji gramu 100 hadi 200 tu, na jamaa watano wenye nyua za namna hiyo wanaweza kuchanga na kununua kilo moja pamoja.

Kabla ya kupanda, jaribuni mbegu. Wekeni mbegu 50 juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, funikeni, na muangalie kwa majuma mawili kitambaa kisikauke. Zikiota 40, mbegu ni nzuri. Zikiota chini ya 25, ni nzee. Ongezeni kipimo au tafuteni nyingine.

2. WAKATI WA KUPANDA

Maji tunayopanga foleni kuyapata ni ya kunywa, kupika na kuoga. Hayatoshi kunywesha nyasi wakati wa kiangazi. Kwa hiyo tupande mvua inapokuwa imeshika: mwezi wa tatu na wa nne, au mwezi wa tisa na wa kumi. Msipande kabla ya mvua ya kwanza kubwa, maana itafagia mbegu zote mpaka bondeni. Ngojeni ardhi ilowe vizuri, kisha pandeni.

3. KUTAYARISHA UDONGO

Udongo wa uani umekanyagwa mpaka umekuwa kama sakafu, na mzizi mchanga hauwezi kuupenya. Limeni kina cha sentimita 10 hadi 15, mkiondoa mawe na mizizi ya magugu. Changanyeni samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa; debe mbili au tatu zatosha ua tuliotaja. Samadi mbichi ina mbegu nyingi za magugu, tena huweza kuunguza miche.

Sawazisheni kwa reki au kwa tawi lenye matawi madogo. Ardhi iinamie mbali na nyumba, ili maji yasituame ukutani. Mahali penye mteremko, pangeni mistari ya mawe kukingama mteremko ili kupunguza mbio za maji. Chini ya ukingo wa paa, maji yanapodondokea, wekeni kokoto, na nyasi zianzie mbele yake. Mwisho kanyageni taratibu mpaka udongo utulie.

4. KUMWAGA MBEGU

Changanyeni mbegu na mchanga mkavu, ili mkono uweze kuzisambaza sawasawa. Gawanyeni mafungu mawili: fungu la kwanza mmwage mkitembea kwa urefu wa ua, la pili kwa upana. Kisha pitisheni tawi juu yake kwa wepesi. Udongo unaofunika mbegu usizidi nusu sentimita. Zikizikwa chini zaidi, nyingi hazitatoka. Tandazeni majani makavu kidogo, kiasi kwamba udongo bado unaonekana.

5. MAJUMA NANE YA KWANZA

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mbegu zilizokobolewa huota kwa siku 7 hadi 14. Zisizokobolewa huweza kufika siku 21 au zaidi. Katika siku hizo udongo wa juu usikauke. Mvua ikikosa siku mbili, nyunyizeni kidogo asubuhi na jioni kwa kopo lililotobolewa matundu. Maji yaliyooshea mboga au kusuuzia vyombo yanafaa. Nyasi zikishaota, punguzeni mara za kumwagilia, lakini kila mara maji yashuke chini, ili mizizi iyafuate.

Jambo kubwa kuliko yote ni miguu. Mche wa ukoka ukikanyagwa kabla haujashika hufa. Zungusheni matawi ya miiba kuzuia mbuzi na kuku, na wekeni njia ya mawe ambayo kila mtu ataipita. Jirani aliyezoea kukatiza uani kwenda bombani aelezwe mapema kwa heshima, wala asigombezwe baadaye. Watoto nao wapewe kazi ya ulinzi. Mtoto aliyemwaga mbegu kwa mkono wake hatazikanyaga.

6. UTUNZAJI

Nyasi zikifika sentimita 6, zikateni kwa mundu au fyekeo lenye makali zibaki sentimita 4. Msiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Kukata huzifanya zitambae na kuziba nafasi, na nyasi fupi hazifichi nyoka. Ng'oeni magugu kwa mkono yakiwa machanga. Pakibaki kipara, rudisheni mbegu, au chukueni vipande vya ukoka penye nyasi nyingi mvipandikize.

Lakini tuonyane: ukoka hauheshimu mpaka. Ukiingia katika maharage au viazi, kuutoa ni taabu. Kati ya nyasi na shamba acheni mfereji wa upana wa jembe moja, na mkate kila mwezi vitambaavyo vinavyovuka. Chakula cha watoto kisipungue kwa ajili ya nyasi. Mwenye kiwanja kidogo sana apande ule ukanda tu ulio mbele ya kuta, unaopigwa na mvua zaidi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni upande gani wa nyumba yetu unaorushiwa tope wakati wa mvua?
2. Ni nani hupita uani kwetu kila siku, na tutamwonyesha njia gani?
3. Ni jamaa gani wanne tunaoweza kuchanga nao mbegu kabla ya mvua?
4. Katika majuma nane, nani atalinda asubuhi na nani jioni?

Yajibuni haya pamoja kabla hamjashika jembe. Bwana awabariki.