Kuchagua vifaa vya kukata chuma kwa ateliye ya koperative



Mara nyingi katika gazeti hili tunazungumza mbegu, udongo na magonjwa ya mihogo. Leo tunazungumza chuma, kwa sababu mavuno yanaweza kuharibika pia juu ya kipande kidogo cha chuma. Ekseli ya mashine ya kukwangua mihogo inakatika. Bolti ya kinu cha mawese inakuwa ndefu kupita kiasi. Bati la mfereji wa maji ya mvua halienei. Kama kila mara kipande kinapaswa kupelekwa Sake ao Goma, mihogo na ngazi za mawese hazitangoja.

Katika Masisi na Walikale, koperative nyingi zinatuuliza swali moja: tukiwa na feza kidogo, tununue mashine ya kukata kwa diski, ile inaitwa meleze, ao vifaa vya mkono? Jibu letu ni hili: tuanze na vifaa vya mkono vya ubora mzuri. Meleze itafuata, kama kazi na umeme vipo. Tueleze sababu.

1. Mujue kwanza chuma munachotaka kukata

Kifaa kinachaguliwa kufuatana na chuma. Kuna jaribio rahisi. Mukamate tupa (lima) nzuri, muisugue mara moja kwenye pembe ya chuma.

- Tupa ikiuma vizuri na kutoa unga wa chuma, hicho ni chuma laini: nondo, bomba, bolti za kawaida. Msumeno wa chuma unatosha.
- Tupa ikiuma kwa shida, sawa vile kwenye resori ya gari, msumeno utaisha meno mbio.
- Tupa ikiteleza kama kwenye kioo, musipoteze msumeno hapo.

Kwa hali hizo mbili za mwisho, mumuendee muhunzi. Yeye anapasha resori moto mpaka iwe nyekundu, kisha anaikata kwa tindo ingali na moto. Anaweza pia kuiacha ipoe polepole ndani ya majivu, na hapo itakuwa laini na kukubali msumeno. Kazi ikiisha, anairudishia ugumu wake. Ujuzi huu uko kwetu tangu zamani. Wanyanga wa Walikale wanasimulia kwamba wajomba wa Mwindo, waliokuwa wahunzi, walimvalisha chuma mbele aende kupambana na baba yake. Koperative yenye muhunzi jirani isimuache pembeni.

2. Msumeno wa chuma: muhesabu meno

Fremu iwe ngumu, isiyopindika munapokaza wembe. Wembe wa kawaida ni wa milimita 300. Juu yake kumeandikwa hesabu ya meno kwa inchi moja: 18, 24 ao 32. Kanuni ni moja tu: wakati wote meno yasiyopungua matatu yaguse chuma. Yakiwa machache, chuma chembamba kinaingia katikati ya meno na kuyavunja.

- Meno 18: vyuma vinene na laini.
- Meno 24: kazi nyingi za kila siku, nondo na vyuma vya pembe vya milimita 3 na zaidi.
- Meno 32: bomba jembamba.

Kama munaweza kununua aina moja tu, mununue ya meno 24.

Muangalie pia wembe umetengenezwa na nini. Ule wa bei chini sana unavunjika ukipinda kidogo. Ule wa vyuma viwili vilivyounganishwa, meno magumu na mgongo unaopindika, una bei juu lakini unadumu. Tufanye hesabu ya mfano: wembe wa faranga 1.000 ukikata nondo 4, kila mkato umegharimu faranga 250. Wembe wa faranga 4.000 ukikata nondo 40, kila mkato ni faranga 100. Ule wa bei juu ndio rahisi. Mufanye hesabu hiyo kwa bei za soko lenu.

Munapoufunga, meno yaangalie mbele, mbali na mpini. Musukume kwa nguvu, murudishe bila kukandamiza, mikato kama 50 kwa dakika. Kwenda mbio kunapasha wembe moto na kuua meno. Tone la mafuta linasaidia.

3. Tindo, mkasi wa bati na jiliwa

Tindo inakata rivet, kichwa cha bolti iliyoshika kutu, na pipa. Kwa chuma cha kawaida, ncha yake inolewe kwa pembe ya digri 60 hivi. Kichwa kikianza kufunguka kama uyoga, mukipunguze kwa tupa, kwa sababu vipande vyake vinaruka na vinaweza kupofusha mutu.

Mkasi wa bati ni wa mabati ya nyumba, mifereji na majiko. Mukumbuke: kwa mabati, namba kubwa ni bati jembamba. BG 32 ni jembamba kuliko BG 28. Musikate waya wala musumari kwa mkasi huo, utatoboka makali.

Jiliwa (eto) haikati kitu, lakini bila yenyewe vingine vyote havifanyi kazi vizuri. Chuma kinachotetemeka kinavunja wembe na kukata vidole. Ifungwe kwa bolti kwenye meza nzito.

4. Meleze: wakati gani?

Meleze inakata kwa dakika kile msumeno unakata kwa nusu saa, na inakata hata chuma kigumu. Lakini mbele ya kununua, mujibu maswali matatu.

*Umeme uko?* Meleze ndogo ya diski ya milimita 115 inahitaji wati 700 mpaka 900 hivi, na inapoanza inavuta zaidi. Jenereta ndogo inayowasha taa na kuchaji simu haitaiweza. Muhesabu jenereta yenye nguvu karibu mara mbili, pamoja na esansi yake.

*Diski zitatoka wapi?* Diski inaisha. Kama barabara ya Walikale imefungwa na mvua, meleze bila diski ni mzigo. Muangalie tarehe iliyoandikwa kwenye pete ya chuma katikati ya diski: iliyopita muda ao iliyolowa maji inaweza kupasuka. Na mizunguko iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya ile ya mashine.

*Kazi inatosha?* Kama munakata vyuma vitano kwa mwezi, jibu ni hapana.

Kuna jambo lingine tunalolijua wote. Watu wakilazimika kukimbia kijiji, sanduku la vifaa vya mkono linabebeka kichwani. Jenereta inabaki nyuma.

Tena, musinoe panga wala jembe kwa meleze bila kupumzika. Makali yakigeuka rangi ya bluu, ugumu wa chuma umekwisha pale, na panga halitashika makali tena mpaka sehemu hiyo iondolewe yote. Kwa kunoa, tupa inatosha.

5. Mambo tusiyoyachezea

- Pipa lililobeba esansi ao mazutu lisikatwe kwa meleze wala kwa moto, hata likiwa tupu. Mvuke uliobaki ndani unalipuka. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, lijazwe maji, kisha lifunguliwe kwa tindo.
- Pipa lililobeba dawa za mimea lisitumiwe kamwe kwa mawese, maziwa ao maji ya kunywa.
- Miwani ya kazi inunuliwe siku moja na kifaa. Jicho halina kipuri.
- Kinga ya diski isitolewe kwenye meleze, na diski ya mbao isifungwe hapo.
- Mabati yenye zinki yakipashwa moto yanatoa moshi wenye sumu. Ifanyike inje, upepo ukitoka mgongoni.

Kazi ya mkutano ujao

1. Muandike vyuma vyote mulivyopeleka kukatwa mbali katika miezi 6 iliyopita, bei ya kukata na bei ya safari.
2. Kwa kila kimoja, museme ni kifaa gani kingekikata hapo kijijini.
3. Muanze na orodha hii: jiliwa 1, msumeno 1 na nyembe 10 za meno 24, tindo 2, nyundo 1, tupa 2, mkasi wa bati 1, miwani 2. Mulinganishe bei yake na jumla ya namba 1.
4. Muchague mutu mmoja wa kutunza sanduku, daftari la kuazima, na kitambaa chenye mafuta ya moteri. Katika unyevu wa msitu wa Walikale, msumeno usiopakwa mafuta unashika kutu mbio.

Jumla hizo mbili zikiwekwa pamoja mbele ya wanachama, uamuzi hautakuwa mgumu.