Kabla Tangi Halijashuka Shimoni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Tangi la petroli likishafukiwa halionwi tena na mtu. Juu yake itamwagwa zege, magari yatapita, muuza vocha atafungua mwavuli wake. Huko chini, tundu linalodondosha tone moja kila sekunde linatoa lita 4 na ushei kwa siku, zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka, na mhudumu wa pampu hatanusa kitu. Atakayenusa ni mama wa nyumba ya tatu, siku atakapoteka maji kisimani. Nusu ya mtaa wangu hapa Dar es Salaam wanaishi kwa visima, kwa hiyo sitabembeleza mtu katika maneno yanayofuata.

Lipime hata kama limekuja na cheti. Cheti kinaeleza tangi lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Hakielezi habari za matuta ya barabarani wala za mnyororo uliolifunga kwenye lori. Niliwahi kupokea tangi jipya la lita 20,000, rangi inang'aa, muhuri juu ya muhuri. Tulipolijaza upepo na kulipaka sabuni, kiputo kidogo kama punje ya mtama kikaota pembeni ya soketi ya bomba la kujazia. Kikapasuka. Kikaota kingine pale pale. Waliolileta wakasema ni sabuni tu hiyo. Lilirudi lilikotoka.

Likague kwa macho kwanza, likiwa bado juu ya lori. Mbonyeo, mkwaruzo, rangi iliyobanduka, plagi iliyolegea: andika vyote na upige picha kabla hujatia saini ya kupokea. Ukishasaini, mkwaruzo ni wako.

Usiliburuze, usilibingirishe kutoka kwenye lori, na usilifunge mnyororo tumboni. Lina masikio ya kunyanyulia. Yalichomelewa kwa kazi hiyo. Liweke juu ya mchanga au matairi ya zamani, mbali na mawe.

Usilijaze upepo kama unayejaza tairi. Hapa ndipo wajuaji wanapoua watu. Tairi la gari dogo linataka PSI 30 hivi. Tangi la kufukiwa linataka kati ya 3 na 5, basi. Mengine yenye kipenyo kikubwa hayaruhusiwi kupita 3, na anayejua ni kiwanda kilicholitengeneza, kwa hiyo soma maelekezo yao. Mtu akisikia 5 anaona ni kitu kidogo. Piga hesabu. Kichwa cha tangi lenye kipenyo cha mita 2.4, kwa PSI 5, kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa tani 16. Ukipeleka hadi 30 inakuwa tani 95, na hakuna mshono uliochomelewa kwa ajili ya mzigo huo. Tena upepo uliobanwa una tabia mbaya kuliko maji: maji yakipata ufa yanachuruzika, upepo unaruka pamoja na chuma.

Kwa sababu hiyo, weka regyuleta kwenye kompresa, weka na vali ya usalama itakayofunguka yenyewe presha ikipita kikomo kidogo tu, kisha jaza polepole. Mtu yeyote asisimame mbele ya vichwa vya tangi, awe kibarua, awe mwenye kiwanja. Na likiwa na upepo lisiachwe peke yake hata dakika tano, kwa kisingizio cha chai au cha simu. Watoto wa jirani wanapenda sana kupanda matangi.

Usitumie geji ya fundi pancha. Geji inayofika 160 haiwezi kukuonyesha kwamba presha imeshuka kutoka 5 hadi 4.7, mshale wake utatulia tu. Tafuta geji inayoishia 10 au 15. Weka mbili kama unaweza, maana geji moja ikiharibika haina wa kuisuta.

Ukifikisha presha inayotakiwa, funga vali na uchomoe mpira wa kompresa. Nimeona tangi "likishika" upepo saa nzima huku kompresa ikiliongezea kimya kimya kila lilipopungua.

Usiiamini geji kuliko jua. Tangi lililoanikwa juani lenye joto la nyuzi 40 ndani, likipitiwa na wingu na kupoa hadi 30, geji itashuka kutoka 5 hadi 4.4 hivi, na tundu hakuna. Hilo angalau litakusumbua tu. Baya ni kinyume chake. Ukianza saa moja asubuhi, jua linapopanda upepo wa ndani unatanuka, presha inajilipa yenyewe kile inachopoteza, na tangi bovu linafaulu mtihani. Pima kukiwa na mawingu au weka turubai la kivuli, andika joto pamoja na presha kila baada ya dakika kumi na tano, na ujue kwamba geji ni shahidi wa pili. Shahidi wa kwanza ni sabuni.

Paka sabuni kila mshono. Kila mshono nikimaanisha mishono yote, pamoja na ya tumboni, mahali ambapo fundi inambidi alale chali na sabuni imdondokee usoni. Hapo ndipo wengi wanapoishia njiani. Kunyanyua tangi kwa winchi na kuligeuza kunakula muda na hela, basi anapaka upande wa juu, anapaka vichwa viwili, anasema tayari. Wakati mafuta yote yatalala tumboni! Paka soketi zote, plagi zote, gasketi ya mlango wa kuingilia na kila boliti yake. Fundi pancha hazamishi nusu ya tyubu kwenye karai halafu akaifunga. Nawe usifanye hivyo kwa tangi.

Usikoroge sabuni mpaka ifanye povu. Ukipaka povu, viputo vya brashi utavitofautishaje na viputo vya tundu? Changanya taratibu, paka taratibu, kisha subiri na uangalie sehemu ile ile kwa subira. Tundu dogo linachukua muda kuotesha kiputo. Maji ya kisima chenye chumvi, ambayo Pwani tunayo tele, hayashikani na sabuni vizuri na yanaachia chumvi kwenye chuma. Nunua madumu mawili ya maji baridi, na ukimaliza suuza.

Tangi la kuta mbili lina mambo yake. Usichomeke kompresa moja kwa moja kwenye nafasi iliyo kati ya kuta. Nafasi hiyo ni finyu, inajaa kabla hujageuka, na inaweza kuusukuma ukuta wa ndani ukabonyea. Jaza tangi la ndani kwanza, hakikisha linashika, ndipo upitishe upepo wake kwenda kati ya kuta huku ukipaka sabuni nje. Mengine yanasafirishwa yakiwa yametolewa hewa kati ya kuta, na geji yake imefungwa hapo hapo: isome mbele ya dereva. Matangi haya ni ghali, na mteja atanuna. Mwambie Marekani ilitunga sheria ya matangi ya chini ya ardhi mwaka 1984, na tangu hapo yamethibitishwa huko matukio ya kuvuja zaidi ya 500,000. Wale walikuwa na pesa na bado yaliwapata.

Tangi lililowahi kubeba mafuta usilijaze upepo wa kompresa kamwe. Sirudii. Mvuke wa petroli ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa unasubiri cheche tu, na tangi tupu ndilo lenye mchanganyiko huo. Lililojaa pomoni afadhali. Anayetaka kufukia tangi la mtumba aite watu wenye kifaa cha kupimia gesi na naitrojeni. Kama hawezi kuwalipa, hawezi kufukia tangi la mtumba.

Usizibe tundu kwa gundi ya chuma, wala usimpe welda wa kona ya barabara alifumbe. Rudisha kiwandani au mwite mtu wao. Likishatengenezwa, jaribio linaanza upya tangu mwanzo, mishono yote.

Toa upepo wote kabla ya kugusa plagi. Plagi yenye PSI 5 nyuma yake imewahi kuondoka na meno ya watu.

Likishashuka shimoni na kufungwa mikanda, lipime mara moja tena kabla mchanga haujafunika soketi, maana safari ya winchi nayo ni safari. Halafu lisikae tupu kwenye shimo wazi wakati wa masika. La lita 20,000 linasukuma tani 20 za maji na lenyewe halifiki robo ya uzito huo; litaelea kama ngalawa.

Usichanganye upimaji na upimaji. Wakala wa Vipimo wanapokuja kwenye sheli wanahakiki kwamba lita ya pampu ni lita kweli. Muhuri wao hausemi lolote kuhusu mshono wa tumboni. Karatasi ya jaribio la uvujaji ni yako: tarehe, saa, joto, presha ya kuanzia na ya kumalizia, jina la aliyepaka sabuni. Siyo jina la bosi, jina la aliyelala chali.

Na fundi akikwambia tangi jipya halihitaji kupimwa, mpe nauli arudi kwake, utafute mwingine.